Ziwa Uani kwa Bonifasia

Osward alikuwa amechuchumaa uani, mikono ina povu mpaka viwikoni, akimbembeleza bintiye Ida akubali kuoshwa kichwa. Ida alikuwa amesimama ndani ya beseni, ameshika sikio la baba yake asije akateleza. Alikuwa bado hajaanza shule, lakini alishajua kubishana.

"Kichwa kilioshwa jana," alisema.

"Jana tuliosha miguu."

"Na kichwa kilikuwepo."

Osward alikuwa anatafuta jibu maji ya Ziwa Nyasa yalipofika. Yalipenya kwenye migomba ya jirani, yakapita chini ya vichanja vya kahawa vya mwenye nyumba, yakajaa uani mpaka kwenye vifundo vya miguu, kisha yakatulia. Yalikuwa ya vuguvugu, na yalikuja na mchanga kidogo pamoja na visamaki vya bluu, vile vinavyokaa kwenye mawe. Mbinga iko juu milimani na ziwa liko chini kabisa, kwa hiyo yalikuwa yamepanda mwendo mrefu. Watu wa kijiji cha Mkumbi waliokuwa wanarudi kutoka shambani waliyaona yakipita barabarani, wakayapisha.

Osward alinyanyua sabuni isije ikachukuliwa.

Nyuma ya maji akaja Tumpe, mke wake, sare ya uuguzi imepandishwa magotini, ndala mkononi.

"Hodi humu."

"Karibu, Mama Ida. Tulikuwa tunakutegemea mwisho wa mwezi."

"Nilikuwa nasuuza mashuka ya wodi pale ufukweni. Nimeingia kidogo tu kwenye maji, nikaona migomba yetu." Alimwinua Ida kutoka kwenye beseni, akambusu, akamgeuza upande na kumtazama nywele. "Nani kamfanya mtoto hivi?"

"Nimemsuka mimi."

"Umemsuka, au umemfunga asitoroke?"

Ida alicheka mpaka povu likamwingia mdomoni, na kichwa kikaoshwa humohumo ndani ya kicheko, asijue.

Tumpe alikuwa mtu wa Rungwe na Osward alikuwa mtu wa Sumbawanga. Walikutana chuoni, wakaoana, halafu kazi ikawapokea kila mmoja kwa mlango wake. Osward alipangiwa kufundisha hesabu sekondari, Mbinga mjini. Tumpe alipangiwa zahanati ya kule Ngumbo, kando ya ziwa, ambako alikuwa muuguzi peke yake na chumba chake kilikuwa hichohicho wanachosubiria wajawazito. Mtoto akabaki kwa baba. Waliomba uhamisho, mmoja amfuate mwenzake, upande wowote. Wakajibiwa kwamba zahanati haiwezi kubaki bila muuguzi wala shule haiwezi kubaki bila mwalimu wa hesabu, na kwamba maombi yao yanashughulikiwa. Ilipokuwa masika, na magari yanakwama kwenye matope ya mlimani, walikuwa wanaonana kwa simu tu. Ikafika mahali Ida akaanza kuiita simu yenyewe Mama. Aliilaza kwenye mto, akaifunika kwa kipande cha khanga, na mtu akipiga kelele karibu alikasirika.

Mwenye nyumba, Mama Bonifasia, alikuwa mjane Mmatengo aliyelima kahawa na mahindi na kwenda misa ya kwanza kila Jumapili. Jioni ile alitoka jikoni kwake akakuta kuku wake wamepanda wote kwenye ngazi.

"Mwalimu, haya maji ni ya kwako?"

"Shikamoo mama. Ni ya Mama Ida."

"Marahaba. Yasiguse kahawa yangu."

Maji yalisikia. Tangu siku hiyo hayakupanda zaidi ya nusu ya miguu ya vichanja.

Yakawa yanakuja kila jioni, Osward akishabandika chungu cha maharage. Tumpe alipita kwenye migomba akiwa na dagaa wabichi kwenye kitambaa, siku nyingine samaki aina ya mbasa aliyepewa na mama aliyejifungua salama. Walikula mezani hapohapo uani, miguu majini, visamaki vinawatekenya vidole. Ida ndiye aliyetoa habari za siku.

"Baba ameunguza maharage," alisema. "Halafu akasema yanatakiwa hivyo."

"Yana ladha ya moshi," Osward alijitetea. "Kuna watu wanayataka hivyohivyo."

"Nani?" Tumpe aliuliza.

"Watu."

"Ida, mwanangu, unawajua hao watu?"

"Hawapo," alisema Ida.

Giza lilipoanza kushika, maji yalianza kuvuta taratibu kurudi ziwani, na Tumpe akaondoka nayo kwa sababu zamu ya usiku nayo ilikuwa yake. Siku moja Osward aliamua kumsindikiza. Alishika mkono wa mkewe, wakaingia pamoja kwenye migomba. Tumpe akatokea Ngumbo. Osward akatokea nyuma ya choo cha Mama Bonifasia, suruali imelowa mpaka kiunoni. Hakujaribu tena.

Habari za maji zilifika ofisi ya wilaya kupitia kwa fundi baiskeli. Afisa aliyeshughulikia uhamisho, Bwana Nathanieli, mtu mpole mwenye kupiga pasi vizuri, alikuja jioni moja kujionea. Alikaribishwa. Alikunja suruali, akaweka soksi ndani ya viatu na viatu juu ya ukuta, akakaa mezani.

"Nyinyi ndio mlioomba uhamisho kwa sababu familia imetengana," alisema.

"Ndio sisi," alijibu Osward.

"Na huyu mama ni nani?"

"Ni mimi niliyetengana," alisema Tumpe. "Nikuongeze mchuzi?"

Aliongezewa mchuzi. Alimsikiliza Ida akieleza kwamba baba yake huimba bafuni wimbo ambao una neno moja tu. Alicheka, akajifuta mdomo, akawa afisa tena.

"Nimekuta mume, mke na mtoto kwenye meza moja. Kwa kweli hapa utengano siuoni."

"Bwana afisa, mimi nikitoka hapa narudi Ngumbo kwa miguu, majini."

"Wapo watumishi wanaotembea zaidi ya hapo."

"Mtoto akishikwa na homa usiku?"

"Nitasema nilichokiona, dada yangu. Maji yakikoma, hiyo itakuwa hali nyingine. Mtaniambia."

Alishukuru kwa chakula, akavaa soksi zake kwenye miguu yenye mchanga, akaenda.

Tumpe na Osward walitazamana. Maji yalikuwa yameshaanza kuvuta.

"Basi tuyasimamishe," Tumpe alisema. "Kwa muda tu. Wakiona hayapo, watanihamisha, nije moja kwa moja."

"Ida je?"

"Ida atakuwa na mama mchana na usiku. Si ndicho tunachokitaka?"

Walimwomba Mama Bonifasia, kwa kuwa maji yalikuwa yanamsikia yeye. Alisimama kwenye migomba akayaambia kwa Kimatengo, kwa maneno mengi, kwa sauti ileile anayotumia kufukuza mbuzi. Kesho yake hayakuja.

Uani pakakauka. Mchanga ukabaki na alama za mawimbi madogo, kuku wakashuka kwenye ngazi. Jioni ya kwanza Ida aliweka sahani ya mama yake mezani. Jioni ya pili aliliburuta beseni mpaka kwenye migomba, akakaa ndani yake akiwa na nguo zake zote, akangoja. Hakulia. Osward alimweleza habari za uhamisho kwa urefu, jinsi anavyowaeleza wanafunzi sehemu na desimali, na Ida alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama yuko kwenye uhamisho?" aliuliza.

"Bado yuko Ngumbo."

"Basi uhamisho si kitu."

Wiki ikapita hivyo. Jioni moja Osward alitoka jikoni akakuta simu imelazwa kwenye mto, imefunikwa khanga, na Ida anailisha ugali. Aliweka kitonge kidogo juu ya kioo, akangoja kwa adabu, kisha akaipangusa mdomo. Osward aliketi chini. Halafu akaisafisha simu, akampigia mkewe.

"Mama Ida, umelishwa ugali."

Upande wa pili ilisikika sauti ya ziwa.

"Na mimi huku nafua mashuka masafi," alisema Tumpe. "Naingia majini, natokea humohumo. Wajawazito wananicheka."

"Tuyaite?"

"Na uhamisho?"

"Tutaendelea kuuomba. Lakini huyu hatuwezi kumweka pembeni mpaka watu wa ofisini wawe tayari. Anakua."

"Yaiteni," alisema Tumpe.

Mama Bonifasia alikataa kuyaita. Alisema yeye aliyatukana vibaya siku ile, bora aende mtu asiye na ugomvi nayo. Kwa hiyo akaenda Ida. Alisimama kwenye migomba, mikono kiunoni.

"Maji! Njoo na mama!"

Yalikuja kwa haraka kuliko siku zote, yakasomba ndoo, na kuku mmoja aliyekuwa amezubaa akalazimika kuogelea. Tumpe alitokea amelowa mpaka kifuani. Alimbeba Ida jioni nzima. Alikula akiwa amembeba, akaosha vyombo akiwa amembeba, akagombana na Osward kuhusu chumvi akiwa amembeba. Ida hakutoa habari za siku. Alikuwa ameshika kola ya sare kwa mikono miwili na hakuonekana kuwa na nafasi ya jambo lingine.

Siku iliyofuata Bwana Nathanieli alifika, akasimama langoni, akatazama viatu vyake vikilowa.

"Yamerudi," alisema.

"Yamerudi," alisema Osward.

"Nilikuwa nakuja kuwaambia kwamba nimeanza kulifanyia kazi jambo lenu. Mngevumilia kidogo tu."

"Anayetakiwa kuvumilia ndiye huyu," alisema Tumpe, akimwonyesha Ida. "Ana miaka mitatu. Mwambie mwenyewe."

Nathanieli alimtazama Ida, na Ida akamtazama. Afisa alivua viatu, akakunja suruali, akaketi. Alikula kidogo. Wenyeji walidhani amekasirika. Maji yalipokuwa yanakaribia kuvuta, aliuliza, macho yake yakiwa kwenye sahani:

"Haya yanatoka Ngumbo peke yake?"

"Kwa nini?"

Ikajulikana kwamba Bwana Nathanieli naye ana mke. Aliitwa Hilda, alifundisha shule ya msingi huko Matema, Kyela, kaskazini kabisa mwa ziwa. Tangu harusi yao walikuwa wanaishi pamoja siku za likizo tu. Maombi yake yeye yalikuwa mezani kwa afisa mwingine, mtu mpole vilevile.

"Ni ziwa lilelile," Tumpe alisema. "Mwambie aingie kidogo, asuuze kitu."

"Asuuze nini?"

"Chochote. Mimi yalikuwa mashuka."

Nathanieli alikwenda kusimama karibu na vichanja akapiga simu. Walimsikia akisema, "Hilda, una chombo chochote hapo?" Kisha alieleza kwa muda mrefu, akarudia, akaeleza tena, mkono mmoja ukipapasa kahawa ya watu.

Jioni ya kesho yake alikuja mapema, amenyoa. Tumpe alipotokea kwenye migomba, nyuma yake kulikuwa na mwanamke mrefu mwenye sufuria mkononi na vumbi la chaki kwenye mikono ya blauzi. Alimwamkia kwanza Mama Bonifasia, kwa kupiga goti kidogo ndani ya maji, kisha akamgeukia mumewe.

"Na wewe umeota kitambi."

"Chakula cha hotelini," alisema Nathanieli, akaanza kutafuta leso.

Hawakujua wakae vipi. Ida aliwapanga kwenye benchi, akawasogeza mpaka wakagusana mabega, akarudi kwa mama yake.

Tangu hapo wakawa wanakula watu sita, kwa sababu Mama Bonifasia naye alihamishia sahani yake hapo, akisema amechoka kula na kuku. Habari za uhamisho zilibaki zilivyokuwa. Nathanieli hakuweza tena kushughulikia maombi ya Tumpe na Osward, maana sasa alikuwa na maslahi binafsi katika maji, kwa hiyo aliyakabidhi kwa mwenzake wa chumba cha pili. Mwenzake alikuja, akakuta familia mbili mezani, akasema utengano hauoni. Naye aliongezewa mchuzi.

Jioni moja ya mwezi wa saba, baridi ya Mbinga imeshika na wote wamejifunga makoti juu na maji ya vuguvugu chini, ziwa lilianza kuvuta kama kawaida. Tumpe alimshusha Ida. Hilda alichukua sufuria yake. Waliingia kwenye migomba wakiwa wameshikana mikono, wanamcheka mtu fulani, pengine waume zao. Kicheko chao kilisikika kwa muda kikishuka mlima.

Ida alibaki amesimama kwenye mchanga uliolowa.

"Kwa nini mama hakai?" aliuliza.

Osward alikuwa anakusanya sahani. "Muulize mjomba Nathanieli. Yeye ni wa ofisini."

Nathanieli alikuwa ameshika viatu vyake. Alianza kujibu, akaacha, akaanza upya.

"Kule Ngumbo bado hajapatikana mtu wa nafasi yake," alisema.

Ida alifikiri.

"Na hapa, nafasi yake ina nani?"

Mama Bonifasia alitazama kahawa yake. Osward alimpa Ida vijiko avibebe, akavibeba, akaingia navyo ndani akiimba ule wimbo wa bafuni wenye neno moja. Nathanieli aliweka viatu chini. Alikichukua kiti alichokuwa amekalia Tumpe, akakikung'uta mchanga, akakiegemeza kwenye ukuta wa jikoni penye joto la moto, kiwe kikavu kesho.