Mlango wa Thelathini na Saba

Saa tatu asubuhi fundi wa kompyuta wa ofisi ya ardhi alivuta kiti, akapangusa vumbi kwenye kioo, akaanza kusakinisha toleo jipya la programu ya kusimamia kanzidata. La zamani lilikuwa limechoka. Ukiliuliza kiwanja kimoja, unakunywa chai na kuosha kikombe kabla halijajibu. Aliweka nakala pembeni, akaliondoa, kisha akawa anabonyeza "Endelea" kila alipoulizwa jambo. Mwishoni palikuwa na kisanduku cha kutia alama ili rekodi zilizofichwa zibaki zimefichwa. Hakukisoma wala kukitia alama. Miaka tisa ya mazoea ilimbonyezea.

Mstari wa kijani ulipofika asilimia kumi, ukutani koridoni ulitokea mlango wa mbao wenye namba ya chaki. Kufikia thelathini, milango ilikuwa kumi na miwili. Tarishi, aliyekuwa na kalenda ya kutundika, aliitazama kwa kero.

"Hii milango itatumalizia ukuta," alisema, akaenda kutafuta pengine pa kupigilia msumari.

Katika ofisi ile hakikufutwa kitu. Kufuta kulitaka sahihi tatu. Kuficha kulitaka kidole kimoja. Mtaa mmoja ulipobomolewa kupisha maghala, mkuu wa ofisi alimpa fundi orodha ya nyumba arobaini na moja azifiche, ionekane pale palikuwa pori tangu zamani. Ilikuwa wiki yake ya kwanza kazini. Ya thelathini na saba ilikuwa nyumba ya mama yake. Alilia, akabonyeza. Tangu hapo mama aliishi chumba cha uani kwa bintiye huyo fundi, ufunguo wa nyumba ameufunga kwenye pindo la nguo, na kila jioni alimlaani aliyewafanyia vile, asiyemjua. Binti aliitikia "amina".

Kwenye asilimia tisini ulitokea wa thelathini na saba, mlango wa bluu mkabala na meza yake, wenye kovu pale marehemu baba alipozoea kuegemeza baiskeli. Toleo jipya lilikuwa na jambo ambalo la zamani halikuwa nalo: lilimtaja aliyeficha. Chini ya kila namba paliandikwa kwa herufi ndogo, "Umefichwa na fundi wa kompyuta." Alisugua kwa kitambaa kibichi. Herufi zikarudi kabla mbao hazijakauka.

Saa sita mama akaja. Hakuna aliyemwita, alisema ufunguo ulikuwa unamvuta nguo tangu asubuhi. Alisoma mlango wake polepole, kidole chini ya kila neno, kama walivyofundishwa kwenye darasa la watu wazima.

"Mafundi wa kompyuta mko wangapi hapa?"

"Mmoja, mama."

"Mmoja."

"Nilikuwa mgeni kazini. Ningekataa, wangemleta mwingine abonyeze."

"Si ungemwacha abonyeze huyo mwingine, mwanangu? Nikamlaani yeye."

Alifungua. Ndani mlitoka harufu ya mafuta ya taa na nguo zilizokunjwa muda mrefu. Aliingia bila kugeuka, na ufunguo ukasikika ukizunguka kwa ndani mara mbili.

Mkuu wa ofisi alirudi kutoka kula, akaihesabu milango huku akijichokonoa meno.

"Wakaguzi wanakuja Alhamisi," alisema. "Rudisha la zamani."

Fundi aliuma mdomo, akabonyeza. Hata safari hii alibonyeza. Milango arobaini ilififia, na rangi ya ukuta ikarudi mahali pake. Wa bluu ulibaki, kwa kuwa programu haiondoi kitu ambacho mtu anakitumia. Mkuu aliagiza uandikwe kuwa ni ukuta, na tarishi akapata pa kutundika kalenda yake. Wakaguzi walipokuja waliitazama kalenda, wakaulizia tarehe, wakatia sahihi. Kwenye kanzidata, pale mtaani bado ni pori.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, fundi huisogeza kalenda kidogo na kugonga.

"Hodi, mama."

Ndani fagio husimama. Yeye husubiri, mkono ungali mlangoni. Kisha fagio huendelea kufagia.