Makande ya Ndeshi

Mimi Ndeshi mdomo ninao, na sitaki mtu anisimulie habari zangu wakati mwenyewe nipo. Huku kwetu, juu ya mji mdogo wa Maji ya Chai, meno yetu ni ya kahawia. Mmeru akishuka basi Dar akacheka tu, wameshajua katoka wapi. Tulizoea, tukaona ndivyo tulivyoumbwa. Lakini miguu ni habari nyingine. Wapo watoto wetu wanaopinda miguu kabla hawajaanza shule, na chanzo ni floraidi iliyomo kwenye maji tunayochota. Bomba la maji mazuri liliishia chini barabarani. Sisi wa huku juu tuliambiwa tusubiri, na tumesubiri mpaka tumeota mvi.

Mwaka juzi zahanati ikaleta tangi la kuchujia, ndani yake mna mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ule mkaa unashika floraidi, maji yanatoka salama. Likafungwa uani kwangu kwa sababu mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, na pia kwa sababu nilipiga kelele kuliko wenzangu. Watu wakagoma. Jirani yangu Mama Oscar alisema hawezi kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa. Jamani! Mtu anayekunywa supu ya kongoro, mifupa ya miguu ya ng'ombe, kila Jumamosi! Nilimwambia hivyo hivyo mbele za watu, akaninunia wiki nzima.

Nikaona maneno matupu hayatoshi. Kila Jumatano na Jumamosi, siku za kuchota, nikawa ninainjika sufuria kubwa ya makande, mtoto akija na mama yake na ndoo anapata bakuli. Makande yangu yanasifiwa hadi Makumira: mahindi laini, maharage huna haja ya kutafuna. Watoto wakaanza kuwaburuta mama zao. Haukupita mwezi, Mama Oscar akawa anafika kabla sijafungua geti. Nilijiona nimeshinda.

Tena nilikuwa na la kwangu moyoni. Mjukuu wangu Brenda, mwenye mwaka na nusu, magoti yake yalikuwa yameanza kuachana. Mama yake ni binti yangu Tabea, anafanya kazi shamba la maua kule Usa River, anaondoka asubuhi na mapema na kuniachia mtoto. Muuguzi wa zahanati yetu anaitwa Naisula, binti wa Kimaasai, mpole, ila hampaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimlaza Brenda mkekani, akakutanisha vifundo vya miguu, akapima nafasi kati ya magoti kwa vidole vyake. Vitatu. Alisema mifupa ya mtoto mdogo bado inaweza kujinyoosha tukiiondoa floraidi mapema. Tukichelewa, ni kisu cha daktari au ulemavu wa maisha. Nikaapa kwamba tone la maji ya kisima halitaingia kinywani mwa mtoto yule.

Na halikuingia, mwaka mzima. Chai yake, uji wake, hata maji ya kumezea dawa yalitoka kwenye tangi. Naisula akaja kupima tena, na magotini vikaingia vidole vinne.

Nikakaa chini. Naisula akanihoji kama polisi: anakunywa nini, wapi, kwa nani. Nikajibu yote kwa hasira, maana nilijua sina kosa. Akaomba kuona jiko. Ilikuwa Jumatano, sufuria ilikuwa inachemka, na mimi kwa mazoea nikachukua bonge langu la magadi nilivunje nitie ndani, kama tunavyofanya wote ili maharage yaive upesi. Naisula akanishika mkono.

"Mama," akasema, "haya magadi ni maji yale yale, yamekauka tu."

Nilimtolea uvivu. Nilimwambia mama yangu alipikia magadi, na bibi yangu, na bibi wa bibi yangu, na kama vitabu vyao vinakataa basi vije vipike vyenyewe. Akanielezea taratibu kwamba magadi huokotwa pale maji ya chumvi yanapokauka, na floraidi haiendi popote, inabaki humo humo. Nikatazama uani. Watoto kumi na saba walikuwa wamekaa na mabakuli mikononi, wananisubiri. Mganga hajigangi, walisema wahenga, lakini mimi nilikuwa nimepita hapo. Nilikuwa ninawachujia maji kwa mkono huu na kuwarudishia kwa mkono ule.

Jioni Tabea aliporudi nilimweleza. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimbeba Brenda mgongoni, akasema, "Mama, mimi nilikuachia mtoto." Kuanzia kesho yake akawa anamleta na chakula chake kwenye hotpoti, amekipika mwenyewe usiku, na kuniambia nisimwongezee kitu. Kunyimwa kumlisha mjukuu wako ndani ya nyumba yako, hilo sikuombei hata wewe usiyenipenda.

Ningeweza kunyamaza. Ningeacha magadi kimya kimya, na nani angejua? Lakini kila nyumba huku ina bonge lake juu ya dirisha la jiko, na Brenda si mtoto peke yake. Jumapili nikamwomba Mzee Eliasi, mzee wa kanisa, anipe nafasi baada ya matangazo. Alidhani ninataka kuwaasa watu wasafishe ndoo. Nikasimama pale mbele, mimi niliyezoea kuwasema wenzangu, sasa nijiseme mwenyewe.

"Makande yangu mnayoyasifu nimekuwa nikiyatia magadi," nikasema. "Magadi yana floraidi ile ile tunayoikimbia kwenye maji. Nimewalisha watoto wenu mwaka mzima, na mjukuu wangu nimemlisha kuliko wote. Miguu yake imezidi kupinda. Naomba mnisamehe, na naomba mkifika nyumbani mtupe magadi."

Nilingoja waniseme, maana nilistahili. Ndipo Mama Oscar akainuka, yule yule wa kongoro. Nikajua leo ananilipa.

"Sasa maharage yataivaje?" akauliza.

Watu wakacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Lakini swali lilikuwa la kweli, kwa sababu kuni zenyewe hatuna. Tukajifunza kwa taabu. Jumamosi ya kwanza makande yalikuwa changarawe. Mzee Eliasi alitafuna, akatafuna, akasema Mungu anibariki ila meno yake hayo ndiyo ya mwisho. Mama Oscar ndiye aliyetuokoa: loweka mahindi na maharage tangu jana yake kwa maji ya tangi, yachemke kidogo, funika, yafunge kwenye kikapu kilichojazwa majani makavu ya mgomba, yajipikie yenyewe. Kuni chache, na maharage yanaiva. Akawa anafundisha yeye uani kwangu, tena kwa madaha, na mimi ninamenya vitunguu. Nilinyamaza. Amini usiamini.

Miezi minane ikapita. Wiki iliyopita Naisula alikuja asubuhi, Tabea akiwa bado hajaondoka. Akamlaza Brenda mkekani. Mimi niligeuka, nikajifanya ninakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu. Nikamsikia akihesabu kwa sauti ndogo. Kimoja. Viwili.

"Cha tatu hakiingii chote," akasema. Akaongeza kwamba bado tuna safari, tusibweteke, atapima tena baada ya miezi mitatu. Sikusikia vizuri yaliyofuata, nilikuwa ninalia ndani ya sufuria tupu.

Brenda alikwisha kuinuka, anamkimbiza kuku. Ndani, makande ya Jumatano yalikuwa kwenye kikapu chake. Tabea akachungulia, akafunua, akachota kijiko, akaonja. Akatazama saa.

"Nachelewa kazini," akasema. "Brenda atakula hapa."

Akatoka getini na hotpoti yake mkononi.