Daktari Mmoja Alisema

Msusi alikuwa ameegemea fremu ya mlango, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe, akimtazama jirani yake fundi cherehani akinyoosha kola ya shati la shule. Waya wa pasi ulikuwa umefungwa utepe mweusi pale ulipochubuka. Mtoto wa fundi alilala kwenye mkeka pembeni ya cherehani, meno yake mawili ya chini yakichungulia, na tangu jana jioni tumbo lake lilikuwa halishiki kitu.

"Bado anaharisha?" msusi akauliza.

"Bado. Nepi zimeisha, sasa namfunga mabaki ya vitambaa vya wateja. Leo amevaa suti."

"Na maji unampa?"

"Nampa. Na ziwa ananyonya."

"Shoga! Unajaza ndoo iliyotoboka. Daktari mmoja alisema, mtoto akiharisha, mnyime maji. Mnyime na ziwa, tumbo lipumzike."

"Hata mimi nimesikia hivyo," mamamkwe akaitikia kutoka jikoni. "Daktari mmoja alisema."

Fundi alikuwa ameshasikia mengi ya daktari mmoja. Daktari mmoja alisema maji ukiyanywa umesimama yanashuka magotini. Daktari mmoja alisema mtoto akitazama kioo kabla ya meno, meno yataota kinyumenyume. Daktari mmoja alisema mkono uliopiga pasi usiguse maji mpaka kesho yake, la sivyo utapooza, na fundi, ambaye kula kwake kulitegemea mikono miwili, alilishika hilo kama amri. Alipiga pasi kutwa bila kunawa, na uji wa mtoto ulipoiva alichovya kidole kuona kama umepoa. Hakuna mtu aliyewahi kumwona huyo daktari. Hata hivyo hapakuwa na nyumba asiyoifikia.

Basi asubuhi hiyo fundi akaweka kikombe cha mtoto juu ya kabati. Mtoto alipolilia ziwa, akamgeuzia mgongo na kumbembeleza kwa wimbo. Alilia, akalia, halafu kilio kikapungua. Mchana ukapita. Alasiri mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa kilichotolewa kwenye maji, midomo imekauka, na akilia, uso unakunjamana tu bila chozi.

Ndipo ikasikika hodi.

"Karibu," mamamkwe akasema.

Aliingia mwanamume mwembamba aliyevaa koti jeupe, limechakaa mabegani kama begi linaloazimwa na ukoo mzima.

"Mimi ndiye Daktari Mmoja," akasema. "Nimetajwa hapa leo."

"Karibu, daktari. Tunakusikia kila siku," mamamkwe akasema, akamvutia kiti na kukiwekea mto.

"Hiyo ndiyo shida yangu, mama."

Alikaa. Kiti hakikulia na mto haukubonyea. Mamamkwe aliona, akauchomoa mto chini yake akamlaza nao mjukuu, maana hapakuwa na sababu ya kuupoteza bure.

Daktari Mmoja akainama kumtazama mtoto. Akafungua mdomo. "Kitunguu ndani ya soksi," akasema, kwa sauti nzito ya mtu mnene. Akajiziba mdomo kwa kiganja. "Samahanini. Hiyo si ya hapa. Kuna mtu ananitaja huko gereji."

"Pole," fundi akasema. "Daktari, ni wewe uliyesema nimnyime maji?"

"Nimesema. Chochote watu wanachosema nimesema, lazima nikiseme. Lakini neno hilo nikilitamka nahisi pengo mbele yake." Akapapasa ufizi kwa ulimi. "Kama jino liling'oka hapa. Kuna kitu kilikuwepo."

"Sasa mwanangu nimfanyeje?"

"Sijui."

"Hujui? Si daktari wewe?"

"Sijawahi kusoma, dada. Nilizaliwa kwenye mazungumzo. Tumpeleke kwa aliyesoma, na mimi nikatibiwe huko huko."

"Foleni ya kituo cha afya mtu anaota mizizi," mamamkwe akasema. "Na mtoto mgonjwa hatolewi nje alasiri. Daktari mmoja alisema..."

Wote wakamgeukia mgeni.

"Sitaki kulisema hilo," Daktari Mmoja akasema, jasho likimtoka.

"Mama," fundi akasema taratibu, "mhusika mwenyewe amekataa."

Mamamkwe alimtazama mjukuu wake, akaona midomo ile. "Nendeni," akasema. "Wateja nitawapokea mimi. Kimbieni, mwanangu."

Fundi akachomoa pasi, akamfunga mtoto mgongoni kwa shuka, wakatoka.

Foleni ya kituo cha afya ilianzia mlangoni, ikapita mabenchi yote, ikaishia karibu na geti. Muuguzi alikuwa akiipitia kuona nani amezidiwa. Alipomfikia mtoto wa fundi akamfinya ngozi ya tumbo kidogo. Ngozi ikabaki imesimama kama pindo lililopigwa pasi, kisha ikarudi polepole.

"Huyu apite mbele," muuguzi akasema.

"Sote tunaumwa hapa," akalalamika mzee aliyefungwa bandeji kwenye kidole gumba cha mguu, huku akivuta magoti yake kuwapisha.

Muuguzi akamwona Daktari Mmoja. "Na wewe umekuja? Maneno yako yanatusumbua humu kila siku."

"Nimekuja kutibiwa."

"Haya, ingia nao. Ila msikae sana, yupo daktari mmoja tu."

"Ndiye mimi?"

"Si wewe! Wa ndani."

Wa ndani alikuwa mwanamke wa makamo, chai yake imefunikwa kisahani na imepoa zamani. Alimpokea mtoto mikononi. Akamtazama macho, akamwingiza kidole kisafi mdomoni, akauliza kama anatapika, kama choo kina damu, kama ameacha kukojoa. Akapasua pakiti ya dawa ya unga ya kuongeza maji mwilini, akaikoroga kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, akampa fundi kikombe na kijiko.

"Anza sasa hivi. Kijiko, mwache ameze, kijiko kingine. Akitapika, pumzika kidogo halafu endelea. Ziwa umpe kila akilitaka, hata kila akigeuza shingo. Amepungukiwa maji, mama, lakini umewahi. Nani alikwambia umnyime?"

Fundi akanyoosha kidevu kuelekea kiti cha pembeni. "Daktari mmoja."

Daktari akamgeukia. "Sema ulivyosema."

"Mtoto akiharisha, mnyime maji. Mnyime na ziwa."

Daktari aliondoa kifaa cha kusikilizia moyo shingoni, akakiweka mezani. "Hayo ni maneno yangu," akasema. "Nilimwambia mama mmoja aliyekaa hicho kiti chako: mtoto akiharisha, usimnyime maji, usimnyime na ziwa. Alikuwa ameshainuka, na mwenzake ameshafungua mlango."

Wote wakatazama mlango. Sakafuni penye kizingiti, pale watu wanapopishana, palikuwa pameanguka vitu vidogo vidogo kama punje za mtama, vingine vimekanyagwa, vingine vimesukumwa kwenye kona na ufagio. Palikuwa na *kama* nyingi. Palikuwa na *mpaka* na *baada ya*. Na *usi* zilikuwa za kuzoa kwa kiganja.

Daktari Mmoja akapiga magoti, akachambua kama mtu achambuaye mchele. Alipozipata zake mbili akazipuliza vumbi, akazitia mdomoni.

"Mtoto akiharisha, usimnyime maji," akasema. "Usimnyime na ziwa."

Ilikuwa sauti ya daktari wa ndani, pamoja na uchovu wake. Aliporudi kukaa, kiti kililia.

"Afadhali," akasema.

Fundi alikuwa akinywesha kijiko baada ya kijiko. Bila kuinua macho akauliza, "Na la mkono wa pasi, daktari? Kwamba ukinawa unapooza?"

"Hilo sikulisema mimi. Mkono haupoozi kwa kunawa. Wewe nawa, kwa sabuni, kabla ya kumlisha na kila ukimbadilisha nepi. Huenda tumbo lenyewe lilianzia hapo."

Daktari Mmoja akakohoa, akatema kitu cheusi kwenye ndoo ya taka. Kilitoa moshi kidogo. "Kilikuwa kinaniunguza," akaeleza.

Mlango ukasukumwa kutoka nje. Mgonjwa mwingine alikuwa ameshaingiza bega. Daktari akamwita muuguzi, naye akaja akauzuia mlango kwa kiuno. Kisha akampa fundi vidonge vya zinki na kumtajia dalili za kumrudisha mtoto.

"Sasa nirudishie yote niliyokwambia," daktari akamwambia fundi. "Usiinuke kabla hujamaliza."

Fundi akayarudisha. Kijiko kwa kijiko. Ziwa wakati wote, na uji wake asinyimwe. Vidonge vya zinki amalize alivyopewa, hata tumbo likishika. Mikono na sabuni. Akiona damu kwenye choo, au macho yakididimia, au mtoto akikataa kunyonya, au akilala asiamshike, arudi hapo hapo, asingoje kukuche.

"Na nikisikia jambo lingine?"

"Uliza aliyekwambia: daktari gani? Akikosa jina, njoo uniulize mimi."

Alipovuka kizingiti fundi aliinua miguu kama mtu aliyebeba maji ya kujaa pomoni, na hakuangusha hata silabi.

Muuguzi alitaka wakae kwenye benchi ili amtazame mtoto. Jua likalegea. Fundi alinywesha, akanyonyesha, akanywesha. Mara mtoto akakisukuma kijiko, akakunja uso, akapiga ukelele uliofanya foleni nzima igeuke. Mashavuni mwake yakashuka machozi mawili manene, na mapajani mwa fundi ukasambaa ujoto.

Fundi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mtoto analia, wewe unacheka?" akauliza mzee wa bandeji, ambaye bado hajaingia.

"Analia na machozi, baba! Tazama! Na kanikojolea!"

Mzee akajisogeza, akayachungulia yale machozi. "Kweli," akasema. "Hongera, binti."

Nyumbani mamamkwe alikuwa amesimama mlangoni. Alimpokea mjukuu, akamsikia ana uzito, akamlaza begani. Baadaye ndipo akajaza ndoo na kuweka sabuni mpya pembeni ya meza ya pasi.

Kesho yake msusi akaja na kitana chake.

"Shoga, mtoto je?"

"Hajambo, anatambaa."

"Nilikwambia mimi. Daktari mmoja alisema, mtoto akiharisha usimnyime maji."

Fundi akaiweka pasi pembeni. "Ulisema, shoga," akajibu, akaenda kunawa.

Daktari Mmoja alibaki kule kituoni kuomba kazi. Alijibiwa kwamba nafasi iliyopo ni ya daktari mmoja. Akasema ndiyo maana amekuja. Akaambiwa imeshajazwa, na nyingine imeombwa tangu zamani, haijaja. Basi akajitafutia mahali nje ya mlango, akakaa hapo.

Fundi alipompeleka mtoto kupimwa uzito, foleni ilikuwa imepita geti na kukunja kona. Ndani alikuwepo daktari yule yule, peke yake, na chai yake chini ya kisahani. Mlango ulifunguliwa, mama mmoja akatoka mbio huku mwenzake akiingia, wakagongana mabega. Daktari Mmoja akainama kizingitini, akaokota kitu, akamkimbilia hadi getini.

"Mama! Mama! Umeangusha *usi*!"

Yule mama akarudi, akakinga kiganja, akaipokea. "Ahsante," akasema, akaifunga kwenye ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akaenda zake. Nyuma yao mlango ulikuwa umefunguliwa tena.