Siri ya Mgonjwa

Wanaume wengine wa Iyunga, mjini Mbeya, waliwaonea wivu vijana waliowakodolea macho wake zao sokoni. Asukile alimwonea wivu mzee wa Kisukuma mwenye umri wa kumzaa, kibogoyo, aliyekaa na ng'ombe wake huko Rujewa. Ukitaka kumcheka, mcheke. Yeye mwenyewe alijua ni aibu, na ndiyo maana hakumwambia mtu.

Mzee huyo aliitwa Nkuba, na alikuwa mgonjwa wa Verediana, mke wa Asukile. Verediana alikuwa daktari wa saikolojia ya ubongo, kazi ambayo mwaka ule wa 1977 hata madaktari wenzake wa Mbeya waliitaja huku wakitabasamu. Alianza uuguzi kwao Iringa, akapelekwa Ulaya kusoma, akarudi na jambo moja kichwani: kuutambua ugonjwa wa kusahau mapema, kabla mtu hajapotea njia ya kwake, kabla watoto wake hawajaanza kusema amerogwa. Wenzake walimwambia, "Huo ni uzee tu, mama." Akaumaliza ujana wake akizunguka vijijini kuwaonyesha kwamba si uzee tu.

Asukile alikuwa mkaguzi wa shule. Alipostaafu ndipo alipogundua kwamba mke wake hayupo nyumbani. Hakuwahi kuwepo, ila yeye hakuwa na nafasi ya kuliona hilo. Sasa alikaa barazani akitazama malori ya barabara kuu yakipanda na kushuka, na kila mwezi Verediana akirudi kutoka Rujewa na vumbi kichwani na Nkuba mdomoni. Nkuba kacheka hivi. Nkuba kamsifu dume lake hivi. Asukile akiuliza, "Mmezungumza nini hasa?" jibu lilikuwa lile lile: "Siri ya mgonjwa, Baba Lea." Mwenzake alilisema kwa utani, lakini yeye lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwezi mmoja akajitia anataka mchele wa Rujewa, akapanda nao gari la hospitali. Nasema nao, maana alikuwepo pia Crispin, daktari kijana aliyekuwa msaidizi wa Verediana, mrefu, mwenye suruali ya bugaluu na majibu ya haraka. Huyo naye Asukile hakumpenda, lakini wivu una foleni yake, na mbele alikuwa Nkuba.

Kwa Nkuba alipewa kigoda nje, chini ya upenu, na kata ya maziwa mgando. Ndani, Verediana aliweka ungo wa vitu vidogo vidogo: kitana, ufunguo, kijiko, kibiriti na vingine vya namna hiyo. Mzee aliutazama, ukafunikwa kanga, kisha akaombwa ataje alichokiona. Mlango ulikuwa wazi nusu. Asukile alimwona Nkuba akikwama, na Verediana akimshika mkono na kumsubiri, bila haraka, kama mtu asiye na safari nyingine duniani. Alikuwa akimtazama yule mzee kwa jicho ambalo Asukile hakulipata tangu siku za uchumba. Maziwa yakamshinda. Alirudi Iyunga na gunia la mchele na donge la roho.

Wiki ile ile Crispin akaja kula nao chakula cha jioni. Huyo na Verediana wakikutana, mezani hakuna tena mboga wala chumvi, kuna kazi tu.

"Dalili ya kwanza watu hawaioni," Crispin alisema akimega ugali. "Iko kwenye salamu."

"Kwenye salamu," Verediana akadakia, akamgeukia mumewe. "Mzee siku zote akikusalimia anakuulizia mtoto mmoja mmoja, kwa jina. Siku moja anakwambia, 'Wote hawajambo huko?' Nyumba nzima inaona kasalimia vizuri. Kumbe majina yameshaanza kumponyoka."

"Anajumlisha," Crispin akasema.

"Anajumlisha," Verediana akarudia, wakatazamana kama watu waliookota dhahabu.

Asukile alilisikia kila neno na hakulitilia maanani hata moja. Alikuwa na kazi ya kuangalia namna wale wawili wanavyomaliziana maneno. Alijibu "sawa sawa", akaomba maji ya kunawa.

Basi masika yalipokwisha, mambo yakageuka. Verediana akaanza kurudi mapema. Akawa anakaa na mumewe barazani, kiti kwa kiti, na kumwuliza habari zake. Mchana amekula nini? Sokoni Mwanjelwa amekutana na nani, na huyo mtu kamwambiaje? Asukile akisimulia, mkewe hamkatizi. Akisita, mkewe anasubiri. Safari moja ya Rujewa aliiahirisha kabisa, akampeleka mumewe kununua koti. Asukile alivimba kichwa. Akaanza kunyoa ndevu kila asubuhi, na moyoni akamwambia Nkuba pole. Alipomwona Crispin njiani alimpungia mkono kwa ukarimu wa mshindi.

Hivyo ndivyo alivyokwenda Iringa na mkewe, akiwa na furaha na koti jipya, kwenye kipaimara nyumbani kwa shemeji yake Liberatus, mume wa dada yake. Watoto walipanga mstari mlangoni kumlaki mjomba wao wa Mbeya: Juliana, Didas, na mdogo wao Damari, mwenye gauni jeupe, aliyepewa jina la mama mzazi wa Asukile kwa heshima ya ukoo.

"Kamwene, shemeji," Liberatus alisema.

"Kamwene. Hamjambo hapa? Watoto wote hawajambo?"

"Wote wazima, shemeji. Karibuni ndani."

Asukile akageuka kumpokea mkewe mfuko. Verediana alikuwa amesimama pale pale, anamtazama. Lilikuwa jicho lile la Rujewa, lile lile alilolionea wivu, na sasa lilikuwa lake peke yake.

Akaingia ndani, akaketi. Alimtafuta yule mtoto mwenye gauni jeupe na alijua fika kwamba ana jina la mama yake. Akalitafuta jina la mama yake. Alipewa soda, akaishika mkononi bila kunywa, akitabasamu huku na huku, na jina lilipokuja, soda ilikuwa imeshaisha gesi.

Jioni alimfuata Verediana nyuma ya nyumba, alikokuwa akianua nguo.

"Tangu lini?" akamwuliza.

Verediana hakujifanya haelewi. "Tangu katikati ya masika. Ulisema unakwenda kwa yule fundi viatu wa Mwanjelwa. Siku zote ulikuwa unamtaja, Ngolo hivi, Ngolo vile. Siku hiyo akawa yule fundi."

"Kwa hiyo yale maswali ya barazani. Mimi nilidhani umenirudia."

"Nilikuwa nimekurudia, Baba Lea. Yote mawili."

Alikasirika, kisha akaogopa, na chini ya hofu bado kulikuwa na ule wivu wake wa zamani, umejikunyata. "Nipime basi. Kama unavyompima Nkuba. Unishike mkono hivyo hivyo."

"Siwezi. Simpimi mtu wangu. Nikikupima nitakusaidia kujibu." Alikunja shati ambalo alikuwa ameshalikunja. "Atakupima Crispin."

Na ndivyo ilivyokuwa. Hospitalini Mbeya, Asukile aliketi mbele ya ungo uliofunikwa, na yule kijana wa bugaluu akamngoja kwa upole uliomshangaza. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nje, kwenye benchi la korido, Verediana alikaa ukingoni kabisa, shingo imenyooka, anasokota pembe ya kitambaa chake. Asukile alikitambua kikao kile. Alikikaa yeye mwenyewe kwa Nkuba, chini ya upenu. Ilikuwa aibu kufurahi mahali kama pale, lakini alifurahi. Mke wake alikuwa anaona wivu. Kisha Crispin akainuka, akafunga mlango.

Alipotoka, Verediana alisimama haraka mpaka pochi ikaanguka. Mwanamke aliyeyatunga yale maswali kwa mkono wake, leo aliuliza kama mke wa mgonjwa yeyote.

"Mmezungumza nini?" akamwuliza. "Kakuonyesha nini?"

Asukile akafungua mdomo amwambie. Alitaka kumwambia. Kulikuwa na kanga, nyekundu, na mkono wa yule kijana ukiifunua. Chini ya kanga kulikuwa na vitu. Alingoja vije, mkewe naye akingoja, macho yamemtoka.

"Siri ya mgonjwa, Mama Lea," akasema.

Verediana alicheka. Alicheka hadi machozi, akamgonga begani, akasema miaka yote hiyo kumbe alikuwa anamwekea kisasi, kisha akamshika mkono wakatoka nje. Yeye aliyeweza kuiona dalili ile kwenye salamu ya mtu, siku hiyo aliona utani wa mume wake tu. Asukile aliukaza ule mkono, na hakumsahihisha.