Umeme wa Mashimo

Bibi Nyevu, mkunga wa zahanati moja ndogo huko Jilore, aligundua jambo hilo akipangusa vumbi. Zahanati ilifungwa nyaya na balbu mwaka 1983, ila umeme wenyewe haukufika. Siku hiyo alikuwa ndiyo kwanza ashuke kwenye lori la korosho la dereva Kombe, mifupa ingali ikimtetemeka kwa mashimo ya barabara ya Malindi. Alipoegemea swichi, taa ikawaka. Akamaliza kupangusa. Mtetemo ulipomwisha mwilini, taa ikazimika.

Tangu hapo, mja mzito akishikwa na uchungu jioni, Nyevu hupanda lori kwanza, kisha huzalisha bega lake likiwa limeegemea swichi. Kombe hakuwa na neno, ila alimtaka akae nyuma, juu ya tairi, ambako lori hurusha zaidi, taa isije ikazimika kabla ya kondo kutoka.

Mwaka uliofuata Easter, bintiye Nyevu, alianza kutokwa na damu, mimba ya miezi minane. Mwanga Nyevu alikuwa nao. Daktari na damu ya kuongezwa vilikuwa Malindi.

"Mayo, mwambie Kombe apunguze," Easter alimwambia mamaye njiani.

Kombe alikuwa tayari anakwenda mwendo wa ng'ombe. Mtoto alifia tumboni kabla hawajafika Ganda.

Easter alirudi kwa lori lilelile, mikono mitupu, akakaa akiegemea ukuta wa zahanati. Taa zote zikawaka, hata ile ya stoo ambayo Nyevu hakuwahi kuiweza, zikakesha. Nyevu alilia chini ya taa hizo usiku kucha. Alimtaka mjukuu, si taa.

Diwani alipofika, Nyevu alimwambia, "Tuleteeni greda, mheshimiwa. Mjukuu wangu kauawa na mashimo."

Diwani alimpa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akatazama juu.

"Sasa mama, barabara tukiisawazisha, umeme mtautoa wapi?"

Greda lilipelekwa kwenye njia ya hoteli za ufukweni, ambako umeme ulikuwapo siku nyingi.

Jioni moja mke wa jirani alishikwa na uchungu. Nyevu alipotoka, alimkuta Easter amekwisha panda lori, amekaa juu ya tairi.

"Wewe baki na mgonjwa, mayo," alisema. "Taa zangu hukaa zaidi."

Kombe akatia gea, akalielekeza lori kwenye mashimo.