Bei Iliyoanguka kwa Mkupuo Mmoja

"Achia hatamu," mkufunzi Deetlefs aliniambia. "Mpe Lwazi. Wewe hutakuwa kwenye picha hii."

Sikuachia.

Farasi wangu, Khethiwe, alikuwa ameshinda kwa urefu wa shingo. Alisimama kando yangu ndani ya kizimba cha washindi, akipumua kama mivukuto ya mhunzi, mvuke ukimtoka mgongoni. Miezi kumi na mmoja nilikuwa nikimtia mguu ndani ya ndoo ya barafu, mguu wa mbele wa kushoto, ule ambao daktari wa mifugo alisema hautakimbia tena. Niliufunga bandeji, nikaufungua, nikaukanda kwa mikono hii. Na picha ya ushindi ina desturi yake: joki juu ya farasi, mkufunzi na mwenye farasi ubavuni, mtunza farasi mbele na hatamu mkononi. Wenzetu hupata pesa za ushindi na kombe. Sisi hupata ile picha. Mama yangu alikuwa amekwisha kupigilia msumari ukutani tangu Krismasi ya tisini na saba, akiisubiri.

"Kwa nini nisiwemo?" nikauliza.

"Unaniuliza mimi?" Deetlefs alinyoosha kidole ng'ambo ya njia ya mbio, kwenye ubao mkubwa wa bei. "Mchana kutwa huyu namba nane wetu alikuwa thelathini na tatu. Sasa analipa tano na senti sabini! Nani alijua kwamba mguu umepona? Mimi na wewe. Mimi nilinyamaza. Wewe umewauzia watu wako siri ya zizi langu. Mwizi wewe. Jumatatu usije."

Alisema kwa sauti, na watu waliojazana kwenye uzio walisikia. Nilielewa pia kilichomuuma. Naye alikuwa ameweka pesa zake mapema, kidogo kidogo, kwa kutumia majina ya watu. Alitazamia randi thelathini na tatu kwa kila randi. Sasa angepata tano na ushee.

Ubao ule niliuona ukianguka. Nilikuwa nimemwachia joki farasi wake, nikaenda kusimama uzioni kwa MaZondi, upande wetu, upande usio na paa. MaZondi hufua mashuka ya hoteli siku sita, na Jumatano huja kwenye mbio na chupa ya chai, mfuko wa amagwinya, yale maandazi yetu, na darubini iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma ubao.

"Pesa zote huingia chungu kimoja," aliniambia siku ya kwanza. "Wenye uwanja wanachota kwanza, kinachobaki wanagawana waliopatia. Mkiwa wengi kwa farasi mmoja, tonge la kila mtu linapungua. Kwa hiyo bei unayoiona siyo utakayolipwa, mwanangu. Na ubao haukuambii farasi gani ana mbio. Unakuambia watu wanaamini nini, na ni watu gani."

Siku hiyo, dakika moja kabla ya malango kufunguliwa, aliishusha darubini yake.

"Hee! Umeona?"

"Nimeona, Ma."

"Safu ya ushindi imeporomoka kutoka thelathini na tatu. Safu ya nafasi, ile ya tatu bora, imetulia kama mke mkubwa. Huyo ni mtu mmoja, tena mshamba."

"Mshamba vipi?"

"Elfu tano kwenye chungu kidogo cha Jumatano? Amekula bei yake mwenyewe! Subiri, atakuja kulia."

Kwa hiyo pale kizimbani nilikuwa najua. Lwazi, mtunza farasi mwenzangu, alikuja akanyoosha mkono, macho yakiwa chini.

"Kaka, mimi nimetumwa tu."

"Najua, mdogo wangu. Simama hapo hapo."

Kisha nikamgeukia mkufunzi. Miaka sita nilikuwa nimemwita bosi.

"Deetlefs," nikasema. "Geuka. Soma ubao."

Akawa mwekundu. "Unanifundisha ubao? Kijana, nilianza kufunza farasi kabla hujazaliwa."

"Farasi umefunza. Ubao hujausoma. Na mimi si kijana. Nina miaka ishirini na tisa na watoto wawili."

"Mwambie!" MaZondi alipiga kelele kutoka uzioni. "Mwambie, Sandiso: mwenye zizi hajui kuhesabu!"

Watu wakacheka. Sikucheka. Nilihesabu.

"Watu wangu wanaweka randi sita. Akiwa nazo nyingi, kumi. Wanakuja asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu. Na hawaweki ushindi, wanaweka nafasi, kwa sababu farasi akiwa wa pili au wa tatu bado watoto watakula nyama. Kama ningewaambia, bei ya nafasi ingeshuka kwanza, tena pole pole, tangu saa nne. Tazama nafasi ya namba nane. Saba na senti kumi. Asubuhi ilikuwa ngapi?"

Akaiweka sawa kofia yake.

"Saba na senti kumi!" uzio ukajibu kwa pamoja.

"Ushindi umeanguka kwa mkupuo mmoja, dakika ya mwisho. Kuushusha hivyo kunataka elfu tano. Kwa randi sita sita, hizo ni tiketi zaidi ya mia nane. Upande wetu kuna madirisha matatu, na kwenye moja Mzee Gumede alikuwa anahesabu sarafu za senti. Ongeza maduka ya beti ya mjini, bado hazitoshi. Hiyo ni tiketi moja, Deetlefs. Mkono mmoja. Na aliyeiweka hajui chungu. Amezoea wale wachukua beti wa mezani, ambao bei waliyokutajia ndiyo watakayokulipa. Sisi hatuwezi kukosea hivyo. Hata mtoto wa MaZondi hawezi."

"Hadithi tu," alisema. "Achia hatamu."

Mpiga picha, ambaye alikuwa amesimama na kamera yake muda wote huo, akakohoa. "Samahani. Mwenye farasi yuko wapi?"

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Farasi wa Whitcombe ameshinda, na Whitcombe hayupo. Deetlefs alitazama jukwaa la wanachama wa klabu, akatazama ubao, na nikaona hesabu ikimfikia usoni.

Whitcombe akatokea, anakuja mbio kutoka upande wa madirisha, tai begani, tiketi mkononi.

"Deetlefs! Wameniibia! Nimeweka ubao unasema thelathini na tatu, wananipa tano na sabini! Wewe si uliniambia jana kwenye simu mguu ni mzima? Ukasema niweke, nisimwambie mtu? Nimeweka elfu tano, na sikumwambia mtu yeyote!"

"Umeuambia ubao, baba!" MaZondi alisema, na uzio mzima ukapasuka kwa vicheko.

Deetlefs alinisogelea hadi nikasikia pumzi yake. "Haya," akanong'ona. "Jumatatu njoo kazini. Tupige picha, yaishe."

"Bado. Umeniita mwizi mbele ya watu. Niondolee jina hilo mbele ya watu hao hao."

"Usinilazimishe, Sandiso."

"Sikulazimishi. Nimeshika hatamu tu."

Hapo Khethiwe akatetemeka. Ngozi ya bega ilicheza, kisha ya paja. Jasho lilikuwa linapoa, na ule mguu haupendi kusimama. Deetlefs aliona nilivyomtazama, akatabasamu. Alijua nisingeweza kumuumiza yule farasi kwa ajili ya jina langu. Nimwachie Lwazi, au ninyamaze nipigwe picha: aliona hakuna njia ya tatu.

Nikamwomba joki ashuke. Nikachukua blanketi, nikamfunika Khethiwe, nikaanza kumtembeza. Humo humo kizimbani, duara kwa duara, kama ninavyomtembeza kila alfajiri. Mkufunzi akaruka pembeni. Whitcombe akarudi nyuma mpaka kwenye maua. Na nikamsifu, kama tunavyosifu ng'ombe na wafalme kwetu:

*Khethiwe, mteule wa ndoo ya barafu,*
*waliokuzika wameshika tiketi zako!*
*Mguu waliousema umekufa*
*umewapiga teke kumi na mmoja nyuma yake!*

"Musho!" uzio ukaitika, kama kwetu tunavyoitikia sifa.

Duara la pili nilipita mbele ya Deetlefs, nikamtazama. Akageuza uso. Duara la tatu sauti za watu zilikuwa zimepanda, na hata wanachama walikuwa wameinuka kutoka vitini kuja kuona. Farasi wa mbio zilizofuata walianza kuletwa. Hakuna picha iliyopigwa, hakuna kombe lililotolewa, na sikuwa nimechoka hata kidogo. Khethiwe naye aliacha kutetemeka.

Duara la nne Deetlefs akavua kofia.

"Sandiso hakusema," alisema. "Nilisema mimi."

"Hatusikii huku kwenye jua!" MaZondi akapaza sauti.

Akainua kichwa. "Sandiso Mbhele hakuiba kitu! Siri niliitoa mimi!"

Nikamsimamisha farasi, nikaondoa blanketi. Joki akapanda.

Picha iko ukutani kwa mama, kwenye ule msumari. Whitcombe ameshika kombe kwa mkono mmoja na tiketi kwa mwingine. Deetlefs anatazama viatu vyake. Nyuma yetu, kwa mbali, unaweza kuusoma ubao. Mama hulalamika kwamba sikutabasamu.

Jumatatu nilifika zizini saa kumi na nusu alfajiri, kama siku zote. Mkufunzi alikuwepo mlangoni na kikombe chake cha kahawa.

"Habari za asubuhi, Deetlefs," nikasema.

Akanywa funda la kahawa. Kisha akaitika.