Alama za Jumamosi

Daftari lilinunuliwa na Kemunto mwishoni mwa Agosti 1995, siku waliyokwenda kwenye maonyesho ya jimbo pale Saint Paul wakabishana juu ya chakula mpaka sauti zikakauka. Walikuwa watatu. Kemunto, Mkisii wa miaka thelathini na mmoja, alihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa huko Plymouth. Noela, binti wa Tanga, alisomea shahada ya pili chuo kikuu. Wawili hao walipanga pamoja nyumba ya vyumba viwili mjini Hopkins, ghorofa ya chini kabisa, ambayo madirisha yake yalikuwa sawa na nyasi za nje. Wa tatu alikuwa Wanjala, mhandisi kutoka Bungoma, aliyeishi peke yake Burnsville na kusali kanisa moja na Kemunto.

Ubishi wenyewe ulihusu vipande vya jibini vilivyokaangwa ndani ya unga. Wanjala alisema hajawahi kula kitu kitamu namna ile. Noela alisema ni kama kutafuna kandambili iliyopashwa moto. Kemunto akasema basi, kuanzia leo tutakuwa tunaandika, tuone nani ana ulimi na nani hana.

Kila Jumamosi mchana mmoja wao alileta kitafunwa kimoja. Walikula bila kusemezana, kila mmoja akaandika alama kati ya sifuri na kumi pamoja na sababu yake, kisha wakasomeana kwa sauti. Wanjala alileta vitu vya vituo vya petroli: ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikavimba kama povu, nyama kavu ngumu kama mshipi, mayai yaliyolowekwa kwenye siki. Kemunto alileta donati ndogo za sukari na mdalasini. Noela alipika. Alipanda basi hadi maduka ya Waasia kule University Avenue kutafuta muhogo, dengu na pilipili, akatengeneza kachori na bajia, na mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa katikati ikatiwa chumvi na ndimu.

Sahani moja ilipanda juu kila mara. Jengo lilikuwa na nyumba nne, mbili zikiwa tupu msimu ule, na juu yao aliishi Harrison, mjane aliyestaafu kazi ya reli. Wao walimwita Mzee Harrison. Majira ya baridi hakutoka kabisa. Duka lilimletea vitu mlangoni. Noela alimpelekea kachori mara ya kwanza kwa adabu tu, na kesho yake sahani ikarudi imeoshwa, na ndani yake kikaratasi chenye namba nane. Tangu hapo alikuwa mwanachama. Alama zake hazikubadilika, nane kwa kachori na nane kwa ngozi ya nguruwe, lakini Noela aliziandika daftarini kama za wengine.

Januari baridi ilikaza. Kemunto alinunua karatasi za plastiki, akaziba madirisha yote kwa utepe, akakunja taulo kuukuu chini ya mlango wa nje. Ng'ambo ya ukuta wa jiko palikuwa na chumba cha boila iliyopasha moto jengo zima, nayo wiki zile iliunguruma mchana na usiku. Walifurahi kuisikia.

Katikati ya mwezi Noela alipokea kifurushi kutoka kwa mama yake. Kilikuwa na ubuyu, mwekundu, mkavu, wenye iliki na pilipili manga, umeshonewa ndani ya mfuko wa kitambaa ili usimwagike njiani. Jumamosi hiyo waliumumunya mpaka midomo ikawa myekundu. Mzee Harrison hawakumpelekea safari hiyo, maana meno yake yasingeweza mbegu ngumu. Wanjala aliupa tisa na kuandika kwamba kumi angempa mama mwenyewe.

Saa moja baadaye kichwa kilianza kumgonga Wanjala. Kemunto alihisi kichefuchefu akaenda kulala. Noela alijisikia mzito tu, akalaumu vitabu.

Jumamosi iliyofuata, tarehe ishirini na saba, Wanjala alileta bisi zilizopakwa sukari ya kuungua. Noela aliweka na bakuli la ubuyu pembeni, na mikono yote ikaenda huko. Kabla hawajamaliza kusoma alama, Wanjala aliegemea meza na kufumba macho. Kemunto alikimbilia msalani. Aliporudi alikuta Noela anaandika bado. Mwandiko wake, ambao siku zote ulikuwa safi kama wa mwalimu, ulikuwa umeshuka kutoka kwenye mstari hadi pembeni mwa ukurasa. Kemunto aliliona hilo, akafikiri mwenzake amechoka.

Wanjala ndiye aliyesema. Hakusema kwa ukali. Alisema kwamba nyumbani watu hutia rangi yoyote katika ubuyu, hata rangi ya mikeka, na kwamba wote watatu walikuwa wazima kabla ya kifurushi kile. Kemunto alitaka kupinga lakini tumbo lake lilikuwa upande wa Wanjala.

"Mama yangu aliupika mwenyewe," Noela alisema.

Noela alichukua bakuli, akachukua na mfuko uliobaki nusu, akavitia vyote kwenye pipa la taka. Kisha akamwandalia Mzee Harrison sahani ya bisi, akapanda nayo. Aliposhuka alisema mzee naye analalamika kichwa, na kwamba safari hii hakusimama mlangoni kuongea.

Kama kawaida ya mgeni anayeaga, Wanjala alitoka na mfuko wa taka ili autupe nje. Pale kwenye mapipa, katika baridi iliyochoma pua, aliufungua. Mfuko wa kitambaa ulikuwa juu, safi. Mwenyewe hakuweza kueleza baadaye kwa nini aliuchukua. Labda alikuwa na hamu tu. Aliutia kwenye koti.

Jumapili alikula punje chache akiwa garini, akingoja kichwa kiume. Hakikuuma. Jumatatu alikula nyingi zaidi akiwa kazini, Jumanne pia. Jumatano mfuko ulikuwa umekwisha, na Wanjala alikuwa mzima kuliko alivyowahi kuwa mwezi ule. Alijua basi kwamba ubuyu hauna kosa. Alishika simu jioni ile, akairudisha. Angeanzaje? Angesema alimfanya msichana wa watu atupe zawadi ya mama yake, kisha yeye akaiokota jalalani akaila yote? Akajiambia Jumamosi ataligeuza liwe kichekesho, wote wacheke, yaishe. Kwamba kama si ubuyu basi ni kitu kingine, hilo lilimpitia akilini, naye hakulishika.

Hopkins mambo yalizidi. Noela aliamka na kichwa kizito, akapata nafuu akiwa darasani, akarudi nacho tena jioni. Alisahau sufuria jikoni mara mbili. Kemunto naye alijisikia vibaya nyumbani na vizuri kazini, akadhani ni kwa sababu kazini hana nafasi ya kujisikiliza. Wagonjwa wake wengi walikuwa na mafua. Alisadiki ameyaleta nyumbani. Kutoka juu walimsikia Mzee Harrison akikohoa, halafu televisheni yake, kutwa, sauti ileile.

Ijumaa ya tarehe mbili Februari kipimajoto kilishuka hadi digrii thelathini na mbili chini ya sifuri, na gavana akafunga shule za jimbo zima. Ofisi ya akina Wanjala ilifungwa pia. Nyumba za wagonjwa hazifungwi, kwa hiyo Kemunto alikwenda kazini gizani, akimwacha Noela amelala. Alimfunika blanketi la pili na kuhakikisha taulo limebana vizuri chini ya mlango.

Saa nne asubuhi alipiga simu nyumbani. Iliita muda mrefu.

"Umeshakula?" aliuliza.

"Nimeipa sita," Noela alisema. Ulimi wake ulikuwa mzito, kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Umeipa nini sita?"

"Hii." Kemunto alisikia boila ikiunguruma nyuma ya Noela. "Dada, wewe ni Kemunto yupi?"

Kisha kitu kigumu kilianguka, na baada ya hapo simu ilibaki wazi bila mtu.

Kemunto aliita jina lake mara nne. Alikata, akampigia Wanjala, akamwambia Noela amezidiwa, na kwamba huenda amekula kitu. Alimwuliza kama ule ubuyu ulitupwa wote, au Noela aliuficha na sasa ameula tena.

"Si ubuyu," Wanjala alisema. "Niliuchukua mimi. Nimeula wiki nzima, sijaumwa hata kidogo."

"Uliula wapi?"

"Kwangu. Kwa gari. Kazini."

Kemunto alisimama na simu sikioni. Alikuwa amehudumia wagonjwa miaka sita. Alifikiria jinsi kichwa chake kinavyopona kila anapotoka nje, jinsi Noela anavyopona darasani, na Mzee Harrison juu, ambaye hakugusa ubuyu kamwe na kichwa kinamuuma. Akafikiria plastiki aliyoibandika kwa mikono yake.

"Ni hewa," alisema. "Wanjala, ni hewa ya mle ndani."

Alimkatia simu na kupiga 911, namba ya dharura.

Wanjala aliendesha kutoka Burnsville kwenye barabara iliyong'aa kama kioo, na dakika thelathini na tano zilipita kabla hajafika. Magari ya zimamoto yalikuwa yamekwisha kufika. Mlango wa chini ulikuwa wazi na madirisha mawili yamevunjwa. Noela alikuwa tayari juu ya machela, amefungwa kinyago cha oksijeni, mashavu yake yamepoteza rangi na macho yamefunguka nusu bila kutazama kitu. Wanjala alimwita. Hakugeuka. Gari la wagonjwa liliondoka naye.

Nyuma ya jengo mzima-moto mmoja alikuwa akipiga theluji kwa shoka. Katrapila la kusafisha maegesho lilikuwa limerundika theluji ukutani wiki tatu nyuma, juu ya bomba la kutolea moshi wa boila, na baridi ikaigeuza kuwa jiwe. Hewa chafu haikuwa na pa kutokea. Iliingia jikoni kupitia nyufa, ikapanda ngazi. Haina harufu, yule mtu alieleza, wala rangi. Kisha akauliza nani anaishi juu.

Wanjala alisema ni mzee mmoja, hatoki. Waligonga, wakavunja mlango. Hawakumruhusu kupanda, lakini walipofungua aliisikia televisheni, mtu fulani akitangaza hali ya hewa. Baada ya muda ikazimwa. Wale watu waliteremka taratibu, bila machela, na hakuna aliyekuwa na haraka tena.

Daktari alimwambia Kemunto kwamba mzee alifariki Alhamisi, pengine jioni.

Noela aliwekwa ndani ya chumba cha chuma chenye oksijeni nzito, mara tatu kwa siku mbili. Jumapili alikuwa anazungumza, ila maneno mengine yalimponyoka; alitaka kusema kijiko akasema ufunguo, na kila mara alitambua kosa lake na kunyamaza. Kemunto alikaa upande mmoja wa kitanda. Alikuwa amekwisha kumwomba msamaha kwa ajili ya plastiki na taulo, na Noela alikuwa amemshika mkono tu.

Mchana Wanjala aliingia, bado amevaa koti. Alimweleza yote akiwa amesimama, kuanzia pale kwenye mapipa. Noela alimsikiliza bila kumkatiza.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Jumatano."

Noela alitazama dirishani. Alichukua muda mrefu kupanga maneno, na alipoyatoa yalikuwa sahihi yote.

"Jumatano nilimsikia mzee akikohoa," alisema.

Wanjala alianza kueleza kuhusu aibu, kwamba alikusudia kusema Jumamosi. Noela aliinua mkono, si kwa hasira, akamwomba aende. Alikwenda.

Mazishi yalifanyika wiki iliyofuata, katika kanisa dogo la matofali, na watu kumi na wawili hivi. Binti wa Harrison alikuwa ametoka Duluth, mama wa makamo mwenye macho mekundu. Noela alikuja kwa kiti cha magurudumu kwa sababu miguu yake ilikuwa haijatulia, Kemunto akimsukuma. Wanjala alikaa mstari wa nyuma karibu na mlango.

Ibada ilipokwisha yule binti alipita akishukuru watu mmoja mmoja. Mtu alikuwa amemwonyesha Wanjala na kumweleza kuwa ndiye kijana aliyekuja mbio kwenye baridi ile akawaambia wazima-moto kwamba juu kuna mtu. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema kwamba bila yeye baba yake angelala pale siku nyingi bila kujulikana, na kwamba familia haitasahau.

Kemunto alimwona Wanjala akifungua mdomo. Noela naye alikuwa amemkazia macho kutoka kwenye kiti, hatua tatu tu. Watu nyuma walikuwa wakisubiri zamu zao.

"Pole sana, mama," Wanjala alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu, na hakuongeza neno. Yule mama alimkumbatia.